Rangi ya sprei kwenye plastiki za gari: kwa nini ya mwingine inadumu na ya mwingine inabanduka

Ukisikiliza watu wakibishana kuhusu kupiga sprei bampa au kava za saiti mira nyumbani utakuta kambi mbili. Kambi ya kwanza wanasema plastiki haishiki rangi, usijisumbue, peleka kwa fundi. Kambi ya pili wanasema nunua kopo, pulizia, kazi imeisha. Na wote wana ushahidi, maana huyu wa kwanza rangi yake ilibanduka vipande vizima siku alipooshewa gari kwa mashine ya presha, na yule wa pili kava zake za mira zina miaka sasa na bado zinang'aa. Wewe uliye katikati unayetaka tu kujua ufanye nini na mkwaruzo wa bampa lako unabaki hujui umsikilize nani.

Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea plastiki yake. Mkanganyiko unaanzia hapo. Watu wanabishania rangi, kopo la kampuni gani ni zuri, makoti mangapi, wakati rangi ikibanduka kwenye plastiki mara nyingi sana rangi yenyewe haina kosa lolote, kosa lipo kwenye kilichofanyika au ambacho hakikufanyika kabla kopo la rangi halijatikiswa.

Tuanze na maneno kwanza maana nayo yanachanganywa sana. Praima ni koti, yaani tabaka, la chini, kazi yake ni kushika sehemu unayoipaka na kuipa rangi inayofuata mahali pa kukamata, na kuna ile nzito yake, praima ya kujazia, inayofunika pia mikwaruzo midogo ya msasa. Beisi ndiyo rangi yenyewe unayoiona, na kwa magari mengi ya sasa beisi ikikauka inakuwa imefifia kabisa haina mng'ao, asiyejua anashtuka anadhani ameharibu. Mng'ao unatoka kwenye klia, ile ya juu isiyo na rangi, ambayo pia ndiyo inayopambana na jua na maji. Halafu kuna ya nne ambayo wengi hawaijui, praima ya plastiki, wengine wanaiita adhesheni promota. Hii usiichukulie kama praima ya kawaida iliyobadilishwa jina. Mara nyingi ni kimiminika chepesi kisicho na rangi au chenye ukijivu kidogo tu, kinapulizwa kiasi kidogo sana kwenye plastiki iliyo wazi kabla ya kitu kingine chochote, hakijazi mkwaruzo wala hakifichi doa. Mtu akikwambia "mimi nilipiga praima na bado ikabanduka", muulize kwanza ni praima ipi.

Geuza kipande usome nyuma

Vipande vingi vya plastiki vya gari vimeandikwa vimetengenezwa na nini. Kifungue, kigeuze, tafuta upande wa nyuma herufi zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe katikati ya alama mbili kama vichwa vya mishale, mfano >ABS< au >PP+EPDM-TD20<. ABS ni jina la aina ya plastiki ngumu. Hii ya pili inatisha kuisoma lakini ni rahisi tu, PP ni polipropilini, EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa humo ili bampa lijikunje likigongwa badala ya kupasuka, na TD20 maana yake kuna unga wa madini ya talki asilimia 20. Mabampa mengi ya sasa yapo kwenye ukoo huu wa PP. Kava za mira, grili na vipambo vingi vigumu mara nyingi ni ABS au ABS iliyochanganywa na plastiki nyingine. Kwa hiyo yule jamaa wa kava za mira na yule wa bampa hawakupaka kitu kimoja hata kidogo, ingawa wote wanasema "nilipaka plastiki".

Kama huoni alama yoyote utasikia ushauri wa kukata kipande kidogo sehemu isiyoonekana na kukitumbukiza majini, kikielea ni PP kikizama ni ABS. Kipimo hiki kina ukweli nusu. PP tupu ina uzito wa kama gramu 0.9 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ABS ina kama 1.05, maji ni 1, kwa hiyo hesabu inakubali. Lakini lile bampa lenye talki asilimia 20 linafika kama 1.04 na lenyewe linazama vizuri tu. Kwa hiyo kikielea umepata jibu, kikizama hujapata jibu lolote. Ukiwa hujui, fanya kazi kana kwamba ni PP, praima za plastiki nyingi zimetengenezwa kukubali aina zote mbili, kopo litakuambia.

Kwa nini PP inakataa

Angalia vile viti vya plastiki vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, vya kwenye sherehe na misiba. Vingi vyake ni polipropilini, ndugu wa damu wa bampa. Chukua rangi nzuri kiasi chochote unachotaka upake kiti kile, isubiri ikauke kabisa, halafu pitisha kucha. Inatoka kama utando. Haikukataa kukauka na wala haikuwa feki, imekauka vizuri sana, ila imekaa juu ya kiti bila kushikana nacho.

Sababu ni kwamba kimiminika chochote ili kishike sehemu lazima kwanza kitandae juu yake, na ili kitandae lazima sehemu yenyewe ikivute. Chuma kisafi kinavuta kwa nguvu. ABS inavuta vya kutosha, tena thina iliyomo kwenye rangi inailainisha kidogo juu juu na rangi inaingiana nayo, ndiyo maana ABS inasamehe sana. PP imejengwa kwa kaboni na haidrojeni tu, haina pa kukamatana na rangi, na thina za kawaida haziiyeyushi kwenye joto la kawaida, ni plastiki hiyohiyo inayotengenezewa vyombo vya kuwekea kemikali kwa sababu haishikani na vitu kirahisi. Sifa nzuri kwenye chombo, balaa kwenye bampa.

Viwandani wanalitatua kwa kupitisha moto juu ya bampa, mwali unagusa haraka haraka tu, unaacha oksijeni imejishikiza juu ya plastiki na hapo sehemu inaanza kuvuta rangi. Kuna watu wameliona hili wakaanza kupitisha tochi ya gesi wenyewe nyumbani, nawaomba sana muache. Roboti inajua umbali na mwendo, mkono haujui, ukizidisha kidogo unaunguza ukingo au bampa linajipinda na halirudi, na usisahau hapohapo pembeni kuna thina na makopo ya sprei ambayo gesi yake inawaka.

Praima ya plastiki ndiyo njia ya nyumbani. Ndani yake mara nyingi kuna polima inayofanana na PP lakini imeongezewa klorini, upande mmoja wa tabia yake unaelewana na plastiki, upande mwingine unaelewana na rangi, na thina kali iliyomo inaisaidia kujipenyeza juu juu. Mpatanishi huyu anafanya kazi akiwa kidogo tu. Ndiyo maana kopo linasema koti moja au mawili mepesi, na watu wanaona mbona halionekani, wanaongeza, wanaongeza tena, mpaka linakuwa tabaka nene laini ambalo sasa lenyewe linapasuka katikati na kuondoka na rangi yote juu. Na lina muda wake. Kopo litakuambia dakika ngapi usubiri na ukichelewa mpaka lini urudie, fuata hilo, usipige jioni ukaja kumalizia kesho wakati kopo linasema ndani ya nusu saa.

Na msasa je? Kuna imani kubwa kwamba ukikwaruza vya kutosha rangi itashika chochote. Kwenye ABS na kwenye rangi ya zamani msasa unasaidia sana kweli. Kwenye PP msasa peke yake hautoshi, unaongeza sehemu ya kushikia lakini tabia ya plastiki ni ileile, umepata PP yenye mikwaruzo basi. Tena ukiipiga msasa mkavu wa namba ndogo, yaani ule mkali, inatoa manyoya, vinyuzi vidogo vidogo ambavyo hutaviona mpaka rangi ipite juu yake, hapo vinasimama vyote kama ndevu za siku mbili. Tumia msasa laini wenye maji, au lile dodoki la kijivu la mafundi.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu wengi wanalikosea na linawapotezea muda bure. Kama bampa lako lilishapakwa rangi kiwandani na rangi ile imeshika vizuri, wewe hupaki plastiki, unapaka rangi juu ya rangi. Hapo huhitaji praima ya plastiki bampa zima. Unapiga msasa ile rangi ya zamani ipoteze mng'ao, unalainisha kingo za mkwaruzo mpaka ukipitisha kidole umefumba macho husikii ngazi, na praima ya plastiki inaenda pale tu ambapo plastiki nyeusi imetokeza. Kinyume chake, kama rangi ya zamani imeanza kujinyanyua pembeni ya mkwaruzo na ukiingiza kucha inaendelea kuachia, usipake juu yake, hata upake kwa ustadi gani koti lako jipya litaondoka na lile la zamani siku moja. Toa yote iliyolegea kwanza.

Kuosha kabla ya msasa, na tena baada ya msasa

Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote na ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu kipande kinaonekana kisafi. Plastiki za gari zimepakwa vitu. Kipande kipya kutoka kwenye boksi kinaweza kuwa na mabaki ya dawa inayopakwa kwenye umbo la kiwandani ili plastiki isigande humo, yaani ni dawa iliyotengenezwa makusudi kuzuia vitu kushikana, halafu wewe unataka rangi ishikane nacho. Kipande cha zamani kina mafuta ya kung'arishia, na mengi yana silikoni. Tone dogo sana la silikoni likibaki, rangi inalikimbia pande zote na kuacha kishimo cha duara katikati, kama jicho la samaki, na ukiongeza rangi hapo kishimo hakijai, rangi inalikimbia tena.

Utaratibu ni huu na mpangilio wake una maana. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza sana, kausha. Futa kwa kimiminika cha kuondolea mafuta cha mafundi rangi, kitambaa kimoja cha kulowanisha na kingine kisafi cha kukaushia kabla hakijakauka chenyewe, maana kikijikaukia mafuta uliyoyayeyusha yanabaki palepale yametandazwa vizuri zaidi. Baada ya hapo ndiyo msasa. Ukianza na msasa kwanza unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo unayoitengeneza na hapo kuyatoa ni shida. Ukimaliza msasa osha tena, futa tena, na kuanzia hapo usishike kwa mkono mtupu.

Namba za msasa hazina uchawi. Mkwaruzo mkubwa uanzie 240 au 320, sehemu inayoenda kupigwa praima imalizie 400, praima ikishakauka isawazishe kwa 600 hadi 800 yenye maji kabla ya beisi. Kama juu ya praima inakuja beisi ya metaliki, ile yenye chembe zinazometa, usishuke chini ya 800 maana mikwaruzo ya msasa inajichora chini ya zile chembe za fedha na klia haiifichi, inaionyesha zaidi.

Petroli ya kufutia, hapana. Najua wengi wanaitumia. Inaacha utando wa mafuta, PP inaifyonza na kuvimba kidogo, na mvuke wake unatafuta cheche. Thina kali ya rangi nayo ukiimwaga kwenye ABS au plastiki ngumu inayopitisha mwanga inaweza kuitia nyufa nyembamba kama nywele, kwa hiyo kimiminika chochote usichokijua kijaribu upande wa nyuma kwanza.

Unataka kujua kama umefaulu? Nyunyizia maji. Yakitandaa kama karatasi moja bila kukatika mafuta yametoka, yakijikusanya matone matone kwenye sehemu moja tu na kwingine yametulia, pale pana mafuta, rudia. Ila kwenye PP iliyo wazi usikate tamaa, yenyewe inaweza kukusanya matone hata ikiwa safi, kwa sababu ileile tuliyoiongelea juu. Hapo unachotazama ni tofauti kati ya sehemu na sehemu.

Na vumbi. Plastiki ukiifuta kwa kitambaa kikavu inajichaji umeme na kuita vumbi lote lililo karibu, unafuta zaidi inaita zaidi. Mfuto wa mwisho uwe na unyevu wa kile kimiminika cha kuondolea mafuta, na sakafu imwagie maji kidogo vumbi lisipande.

Sasa kopo

Tikisa kopo dakika 2 nzima kuanzia pale gololi ya ndani ilipoanza kulia, si kuanzia ulipolishika, kwa sababu rangi nzito imelala chini na usipoichanganya unapuliza thina na gesi mwanzoni halafu tope mwishoni. Kopo likiwa la baridi presha inashuka na matone yanakuwa makubwa, liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, uvuguvugu ninaomaanisha ni wa kuoga, usiliweke juu ya jiko wala kwenye maji yanayochemka maana makopo haya yameandikwa yasizidi nyuzi 50 na sababu yake ni kulipuka.

Shika kama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande. Bonyeza ukiwa nje ya kipande, pita juu yake kwa mwendo mmoja, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliopita. Ukibonyeza ukiwa juu ya kipande lile tone la kwanza zito linaanguka pale pale. Mkono uende sambamba na kipande, wengi wanazungusha kiwiko kama wanapunga mkono, katikati inakuwa karibu na pembeni mbali, kisha wanashangaa katikati kumetiririka na pembeni ni kukavu kama unga.

Koti la kwanza linatakiwa lionekane baya. Uone praima chini yake, uone madoadoa, uliache hivyohivyo. Kuna mtu moyo wake haukubali, anarudi kufunika pale penye upungufu, na hapo ndipo rangi inapoanza kushuka. Subiri dakika 5 hadi 10 thina itoke, koti la pili linafunika zaidi, la tatu linamaliza. Inama utazame kwa pembeni mwanga ukiwa upande wa pili, rangi iliyopigwa vizuri inaonekana imelowa sawasawa kwa sekunde chache kisha inatulia. Ikionekana ya mchanga upo mbali au unakimbia, ikianza kuwa na mawimbi kama ganda la chungwa matone yanatua mazito au yanakauka kabla hayajajisawazisha.

Metaliki inataka uangalifu wa ziada. Zile chembe zinazometa ni vibapa vya alumini na vinatakiwa vilale. Ukipuliza ikalowa sana vibapa vinaelea na kujikusanya, unapata mawingu, sehemu nyeusi sehemu nyeupe. Koti la mwisho la metaliki pulizia ukiwa mbali kidogo na haraka, jepesi, ili vibapa vitue vikiwa vimesambaa.

Imani kwamba rangi nyingi ndiyo imara naomba iishie hapa. Rangi yote ya kiwandani kwenye gari, kuanzia chini mpaka klia, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150 tu, chini ya robo ya milimita. Ukilundika makoti, ya juu yanafunga kabla thina ya chini haijatoka, inabaki imefungiwa humo ikitafuta njia, unapata vitundu kama vya sindano au malengelenge, na kwenye bampa linalojikunja tabaka nene ndilo linalopasuka kwanza. Vivyo hivyo kukunjamana, ile hali ya rangi kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, inatokea ukipiga koti jipya juu ya lililokauka nusu. Kopo huwa limeandika, mfano rudia ndani ya saa moja au baada ya saa 24 na kuendelea. Katikati ya hapo usiguse.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya kazi. Nyuzi 18 hadi 25 panafaa, kivulini, pasipo upepo mkali. Juani plastiki nyeusi inachemka, juu kunakauka na chini kubichi. Siku ya mvua au unyevu mkali thina ikitoka inapoza sehemu mpaka unyevu wa hewani unatua juu yake, klia inapata ukungu mweupe. Ukiona ukungu acha kupuliza usubiri siku kavu.

Klia ya kawaida na klia yenye hadna

Makopo yanaandikwa 1K na 2K. 1K inakauka kwa thina kutoka tu, basi, ndiyo maana thina au petroli ikiigusa inalainika tena, usiitumie karibu na mdomo wa tangi. 2K ina hadna, yaani dawa ya kuigandisha, kwenye kopo la sprei kuna kitufe chini unabonyeza kinatoboa chumba cha ndani, vinachanganyika na kuanza kugandamana kikemikali, na kuanzia hapo kopo lina saa zake chache au siku moja mbili likimaliza limekwisha. 2K inang'aa zaidi, inavumilia petroli, mashine ya presha na jua. Kwa uimara hakuna ubishi.

Lakini hadna ya 2K mara nyingi ina isosayaneti, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Isosayaneti ni moja ya visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini kwa mafundi rangi. Mwili ukishaizoea vibaya hata kiasi kidogo baadaye kinakubana kifua, na hali hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Unaweza kuivuta kwa kiwango kibaya bila kusikia harufu, kwa hiyo kusema mbona sisikii harufu si kinga. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote hapo. Mafundi wanaofuata taratibu wanavaa vifaa vinavyowaletea hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Wewe nyumbani una watoto wanapita, una jirani, una nguo zimeanikwa. Msimamo wangu ni kwamba kwa kava ya mira, kipambo au kona ndogo ya bampa tumia 1K na ukubali mng'ao mdogo kidogo, na kama kipande kinahitaji 2K kweli, kiandae mwenyewe mpaka hatua ya praima halafu mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia amalizie. Utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi bila kuweka mapafu yako rehani.

1K nayo usiichezee. Vaa barakoa yenye vichungi vya mvuke wa kemikali, pulizia nje au mlango ukiwa wazi pande mbili, na kumbuka mvuke ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kutambaa mpaka kwenye jiko au sigara iliyo mbali na wewe.

Kuna dawa ya kulainisha inayoongezwa kwenye klia ili ijikunje na bampa, na watu wanaidhania ndiyo inayofanya rangi ishike plastiki. Hapana, hiyo inazuia kupasuka tu. Kushika ni kazi ya praima ya plastiki na usafi.

Ambavyo sprei isiviguse

Taa, hata klia ya kawaida ya rangi usiipige bila kujua. Kifuniko cha eabegi kwenye usukani au dashibodi usikipake kabisa, kimetengenezwa kichanike mahali maalumu kwa sehemu ndogo ya sekunde na hutaki kukibadilisha tabia yake. Magari mengi ya karibuni yana rada nyuma ya bampa, ya kuonya gari lililo pembeni au ya kufunga breki yenyewe, na rada ile inaona kupitia plastiki na rangi. Tabaka nene, puti, au rangi yenye chembe nyingi za metali mbele yake vinaweza kuipotosha, kwa hiyo soma kitabu cha gari ujue ipo wapi kabla hujaanza. Sensa za kuegeshea nazo zinatetemeka ili zifanye kazi, zichomoe au zifunike kwa masking tepu, usizizibe kwa makoti.

Ukimaliza, rangi ikiwa kavu kwa kidole haijakomaa. Kurudisha kipande kwenye gari subiri angalau siku moja mbili, usiioshe kwa presha wala kuipaka wax kwa karibu mwezi mmoja maana 1K bado inatoa thina polepole kwa chini. Masking tepu itoe mapema, beisi au klia ya mwisho ikiwa bado laini, uivute kwa kuikunja nyuma, ukisubiri ikauke kabisa inang'oa ukingo.

Kuhusu kufanana kwa rangi, kodi ya rangi, yaani namba yake ya utambulisho, ipo kwenye stika, mara nyingi nguzo ya mlango au chini ya boneti, na kodi moja inaweza kuwa na matoleo kadhaa yanayotofautiana kidogo, tena gari lako limeshapigwa na jua miaka. Usipulizie kipande halafu ndiyo ulinganishe. Puliza kwenye kadi, praima ileile utakayotumia, makoti yaleyale, klia juu, iache ikauke, itoe nje mchana uiweke juu ya fenda iliyo jirani na bampa. Isiwe juu ya bampa lenyewe, kwa sababu kwenye magari mengi bampa na bodi havifanani sawasawa hata yakiwa mapya, vimepakwa sehemu tofauti, na jicho la mtu linalinganisha kipande chako na chuma kilicho pembeni yake.